Kumbe Ilikuwa Ndoto, na Uongo Mwingine Tunaowapa Watoto

Fungua kitabu chochote cha hadithi cha Kiswahili kilichoandikiwa mtoto wa Gredi ya Tano au ya Sita. Usihangaike na mwanzo, ruka hadi ukurasa wa mwisho. Niko tayari kuweka dau kwamba utakuta mtu analia. Ni yule aliyekataa kusikia la mkuu, na sasa guu limevunjika. Kando yake amesimama mzazi au mwalimu, kidole juu, methali mdomoni. Geuza ukurasa mmoja zaidi ukutane na maswali ya ufahamu, na lile la mwisho halijabadilika tangu tukivaa kaptura: Hadithi hii ina funzo gani?

Na mwandishi akilemewa katikati, kisa kikamtoroka, sote tunajua atatokea mlango gani. Jambazi ameinua panga, mhusika amefumba macho, kisha puu, anaanguka kutoka kitandani. Kumbe ilikuwa ndoto! Sisi wa 8-4-4 tuliandika insha hiyo hadi wino ukaisha. Mwalimu alitupa thelathini kwa arobaini, akaweka tiki kwenye kila tashbihi, na hakuna siku aliyotuambia kwamba tumemwibia msomaji. Lakini huo ni wizi. Umenifanya niogope panga kurasa tatu nzima, halafu unaniambia panga halikuwepo?

Hoja yangu ni fupi, na najua itawaudhi baadhi ya watu walionifundisha. Mtoto wa kati ya miaka tisa na kumi na tatu apewe vitabu vya mafumbo na upelelezi, tena vingi, kabla hajaongezewa kitabu kingine hata kimoja cha maadili. Vitabu hivyo ni vitamu, sawa, lakini utamu si sababu yangu. Sababu yangu ni kwamba humo ndimo mwandishi humwambia mtoto: haya yote niliyo nayo nimeyaweka mezani, wewe na mimi tuko sawa, hebu tuone nani atafika kwanza.

Huyo mtoto mwenyewe hana hata jina katika lugha yetu. Si kitoto, si kijana. Anabeba begi kubwa kumliko, sauti inaanza kukwaruza, na amegundua siri inayomfurahisha na kumtisha kwa pamoja: watu wazima husema uongo. Anamsikia mzae akisema kwenye simu, "Niko hapa Westlands, nipe dakika tano," ilhali bado wako Rongai wanatafuta soksi. Anaanza kulinganisha maneno. Alisema nini jana? Mbona leo kimebadilika? Huo ni upelelezi, na hakufundishwa na yeyote. Wakati wa korona tulilalamika kwamba watoi wamenaswa na Among Us. Kumbuka basi mchezo wenyewe ulikuwa nini: mnaulizana ulikuwa wapi, nani alikuona, kwa nini maelezo yako hayalingani na ya mwenzako. Mtoto aliyekataa kusoma aya mbili za ufahamu alikuwa anaendesha kesi saa nzima bila kupumzika.

Kabla ya simu tulikuwa na kitendawili. Anayetega anaficha kitu, lakini dalili zote anakupa: ni nyumba, na haina mlango. Ukishindwa unalipa. Unampa mji, anakwenda huko anakula na kunywa kwa gharama yako, anakuchezea kidogo mbele ya wenzako, ndipo anakwambia ni yai. Kisha kinafuata kingine. Hakuna nyanya aliyewahi kusimama baada ya jibu akauliza yai linatufunza nini kuhusu kuheshimu wazazi. Ile kazi ya kichwa, kutafuta na kukosa na kutafuta tena, ilitosha. Funzo tuliliongeza baadaye, sisi na mitihani yetu.

Mwaka wa 1929 kasisi mmoja Mwingereza, Ronald Knox, ambaye pia aliandika riwaya za upelelezi, alitoa amri kumi za kazi hiyo. Moja inawahusu Wachina na tuiache ilikozikwa. Lakini kuna mbili ambazo ningezibandika kwenye mlango wa kila mchapishaji pale Nairobi: mpelelezi asitumie dalili ambayo msomaji hajaonyeshwa, na miujiza isiitwe kuja kutatua kesi. Pima vitabu vya watoto wetu kwa amri hizo mbili tu uone vingapi vitabaki rafuni. Jini linatokea ukurasa wa arobaini. Mjomba ambaye hakuwahi kutajwa anashuka kutoka Marekani na pesa. Polisi wanafika "kwa bahati nzuri". Nani aliwapigia simu? Hatuambiwi. Mtoto anauliza, na anaambiwa asome tu.

Sasa mtu akitaka kitabu cha upelelezi cha kumnunulia mpwa wake, hukimbilia walichosoma wao. Utawaona kwenye maduka ya inama katikati ya jiji, wameinamia vitabu vya mtumba vilivyotandazwa chini, wakipiga kelele za furaha kwa sababu wamepata Famous Five. Sikatai, Enid Blyton alituzoesha kusoma. Vitabu hivyo vilianza 1942 na bado vinauzwa. Ila kama mafumbo, ni dhaifu mno. Watoto wanne na mbwa wanajificha nyuma ya kichaka, wezi wanapita wakizungumza mpango wao wote kwa sauti, basi, kesi imekwisha. Na mara nyingi ungeweza kumjua mhalifu kabla ya kichaka: ni yule mgeni, mwenye uso mbaya na matamshi yasiyo ya kwao. Mtoto wa Kayole anafundishwa kwamba sura ya mtu ni ushahidi. Huyo mtoto, miaka sita baadaye, atasimamishwa na askari jioni kwa sababu ya sura yake. Hardy Boys na Nancy Drew nao walikuwa na uchafu wa aina hiyo, hadi wenyewe kule Marekani wakaanza kuviandika upya kuanzia 1959. Kwa hivyo ukimnunulia, mnunulie kwa macho wazi. Usimpe utoto wako ukadhani umempa kitabu.

Ningeanzia kwingine. Mwaka huo huo ambao Knox alitoa amri zake, Erich Kästner alichapisha Berlin kitabu kiitwacho Emil and the Detectives kwa tafsiri ya Kiingereza. Emil ni mtoto wa mama mmoja anayetengeneza watu nywele. Anapanda treni kwenda kwa nyanya yake akiwa na mark 140 mfukoni, pesa ambazo mamake amezikusanya kwa jasho. Anasinzia. Anapoamka pesa hazipo, na bwana mwenye kofia aliyekuwa naye behewani hayupo. Polisi anawaogopa, kwa sababu ana kosa lake dogo la mtaani kwao. Basi watoto wa Berlin wanajipanga: huyu akae kando ya simu, hawa wafuate, wale wachange pesa za nauli. Hakuna jini. Hakuna mjomba. Na dalili itakayomfunga mwizi umeonyeshwa mapema sana, mbele ya macho yako kabisa, ukaipita kama nilivyoipita mimi. Sitakwambia ni ipi. Manazi walipochoma vitabu vya Kästner mwaka wa 1933, hiki walikiacha. Nadhani waliona ni hadithi ya watoto tu. Watoto wanaomfuata mtu mzima aliyevaa suti mji mzima hadi ukweli utoke, na wao wakaona si hatari!

Kwa mtoto anayechoka haraka, au yule ambaye shule imemfanya achukie vitabu, tafuta Encyclopedia Brown wa Donald Sobol, vilivyoanza kutoka 1963. Mpelelezi ana miaka kumi, babake ni mkuu wa polisi, na kila kesi ni kurasa chache. Kesi inakatika ghafla, unaulizwa umejuaje, na jibu liko mwisho wa kitabu. Ukichungulia umejidanganya mwenyewe. Baadhi ya majibu yanahitaji ujue historia ya Marekani, na hapo mtoto wetu anaonewa. Lakini umbo lenyewe ni jepesi kuliiba, na ningependa tuliibe bila aibu. Sikiza:

Ramadhani imekwisha, kesho ni Idd-ul-Fitr. Saa sita usiku baiskeli ya Salma inatoweka kwenye ploti moja Eastleigh. Soja wa lango anasema stima zilikuwa zimepotea mtaa mzima, lakini mbalamwezi ilikuwa inawaka, akamwona wazi yule kijana wa kuuza maji akiruka ukuta. Majirani wameshaanza kumtafuta kijana. Salma anasema mngojeni kwanza. Kwa nini?

Mtoto yeyote aliyewahi kupanda juu ya paa na babake kutafuta mwezi mwandamo ana jibu. Mwezi wa Idi hiyo ni uzi mwembamba unaoonekana upande wa magharibi na kuzama muda si mrefu baada ya jua. Saa sita usiku hakuna mbalamwezi. Soja hakuona mtu. Huenda alikuwa amelala, huenda ni zaidi ya hapo, lakini kijana wa maji ameokolewa na kitu ambacho mtoto alikijua tayari. Imenichukua dakika kumi kuitunga. Wako wapi watu wenye kalamu nzuri kuliko yangu?

Akishafika miaka kumi na moja, kumi na mbili, mpandishe ngazi. The Westing Game ya Ellen Raskin, ya 1978, ina warithi kumi na sita wa tajiri mmoja, waliogawanywa wawili wawili, kila jozi imepewa maneno machache tu, na dola milioni 200 kwa atakayeshinda. Anayesumbua zaidi ni Turtle, msichana wa miaka kumi na tatu anayepiga watu mateke ya muundi wakimgusa nywele. Ni kitabu kigumu. Mtoto atapotea katikati, atakukasirikia, kisha atarudi mwanzo kwa hiari yake kutafuta alichokikosa. Nionyeshe kitabu cha maadili kilichowahi kurudiwa kwa hiari. Kwa walio shule za bweni kuna Murder Most Unladylike ya Robin Stevens, ya 2014, ambamo anayesimulia ni Hazel Wong, msichana kutoka Hong Kong katika shule ya Kiingereza. Humo mgeni ndiye mwenye macho. Baada ya Blyton, hewa hiyo inahitajika.

Najua unachosubiri kuniuliza. Vyote hivyo ni vya Kiingereza, buda. Ndiyo. Na hapo ndipo hasira yangu inapoishi.

Kwa sababu Kiswahili hakikuchelewa katika jambo hili. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960. Maiti inapatikana penye mzimu, watu wanaanza kunong'ona kuhusu mizimu, na Bwana Msa anakaa na kiko chake akikataa katakata kuridhika na jibu hilo. Vikafuata Kisima cha Giningi, Siri ya Sifuri na vingine. Faraji Katalambula akatuletea Simu ya Kifo mwaka wa 1965. Tulikuwa na wapelelezi kabla wengi wetu hatujakuwa na barabara ya lami. Kwa hivyo msiniambie eti upelelezi ni mambo ya wazungu.

Ila pia sitakudanganya kwamba umpe mtoto wa Gredi ya Tano Bwana Msa aende naye kitandani peke yake. Kiswahili chake ni cha Unguja ya wakati ule, kizito na kitamu, na siri zake nyingi ni za ndoa na nasaba. Msomee kwa sauti, sura kwa sura, simama panaponoga. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa wangoje, hao ni wa watu wazima, na mtoto anayewaiba chini ya godoro ataiba tu. Akifika kumi na tatu mpe Siku Njema ya Ken Walibora. Hakiitwi cha upelelezi, lakini Kongowea anayetoka Tanga kumtafuta baba asiyemjua ana kesi kama kesi nyingine yoyote.

Baada ya hapo? Pengo. Kati ya kitendawili cha mtoto wa miaka sita na riwaya ya mtu mzima, rafu ya Kiswahili ya Kenya imejaa watoto wanaojuta.

Cha kuudhi ni kwamba lugha yenyewe imeumbwa kwa kazi hii. Andika: aliingia, akafungua kabati, akachukua bahasha, akatoka. Ni mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakikulazimishi kusema. Unaweza kumficha mwizi kitabu kizima ndani ya herufi moja, na msomaji aliyedhani ni baba ajilaumu mwenyewe kwa kudhani. Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kujipinda kama mwanasarakasi kupata hicho tunachopewa bure. Halafu kuna saa. Shahidi anasema alimwona mshukiwa saa mbili. Saa mbili gani, ya kwetu au ya kwenye simu? Hapo pana saa sita za kumwachilia au kumfunga mtu, na mtoto wa Nairobi anavuka daraja hilo kila siku kati ya nyanya yake na skrini. Na wale majina matatu matatu: huyu ni Mama Kevo kwa majirani, Nyambura kwa dadake, Madam kazini. Ni mtu mmoja au watatu? Utajiri wote huu, na sisi tunaandika kuhusu mtoto aliyekataa kunawa mikono.

Nilijaribu. Niliandika kisa cha baiskeli iliyoibwa kwenye ploti, nikakipeleka kwa mchapishaji mmoja ambaye simtaji. Kilirudi na maelezo kwamba "maadili hayajajitokeza vya kutosha", na pendekezo kwamba mwizi, baada ya kupatikana, aombe msamaha mbele ya gwaride la shule. Simlaumu mtu aliyeandika hayo, alikuwa anahesabu. Soko la kitabu cha mtoto hapa ni shule, kitabu kinachoingia shuleni ni kilichoidhinishwa na KICD, na mzazi anayenunua kitabu kisicho kwenye orodha ya shule amekuwa akilipa ushuru wa VAT wa asilimia 16 juu yake tangu sheria ya 2013. Nani atajihatarisha kwa ajili ya mwizi asiyejuta? Lakini mtaala huo huo unaoimbwa tangu 2019 umeorodhesha kufikiri kwa kina na kutatua matatizo miongoni mwa nguzo zake saba. Utamfunzaje mtoto kufikiri kwa kina kwa kitabu ambacho jibu limeandikwa kwenye jalada? Uvivu Haufai. Basi, nimeshamaliza kusoma.

Kuna wazazi watakaosema upelelezi hufunza watoto uhalifu. Mzazi huyo taarifa ya habari ya saa moja haizimi.

Mimi naogopa kinyume chake. Februari 1990 mwili wa Robert Ouko, waziri wetu wa mambo ya nje, ulipatikana Got Alila, karibu na nyumbani kwake Koru, umechomwa, na risasi ilikuwa imepita kichwani. Maelezo ya mwanzo kutoka upande wa serikali yalidokeza kwamba alijiua. John Troon wa Scotland Yard alipokuja akasema ni mauaji. Tume ya Jaji Gicheru ikakaa, mashahidi wakazungumza, kisha Novemba 1991 Rais Moi akaivunja kabla haijamaliza. Mpaka leo hakuna aliyepatikana na hatia. Kabla yake ni J.M. Kariuki, 1975, Ngong. Sisi ni nchi ya riwaya zilizong'olewa sura ya mwisho. Ngũgĩ aliliona hilo mapema. Petals of Blood ya 1977 inaanza na mauaji na inspekta akiuliza maswali. Na kila mara tunapewa maelezo ya kwanza na mtu mwenye cheo, kidole juu, tunaambiwa tutoe funzo tuendelee na maisha.

Nakubali kwamba vitabu ninavyovisifu vina uongo wao. Ndani yake mwizi hupatikana, kila mara, na kurasa hutosha. Huku nje si hivyo, na mtoto atakuja kuligundua hilo kwa uchungu. Ila kuna tabia moja ambayo haiondoki hata kesi isipofungwa. Ni ile ya kusema mngojeni kwanza, kama Salma, wakati umati umeshaokota mawe. Mtu anaipata wapi tabia hiyo akiwa na miaka ishirini na tano, kama akiwa na kumi na mmoja kila hadithi ilimwambia amini mkubwa, umati uko sahihi, na ukishangaa sana, ilikuwa ndoto?

Wachapishaji wanaosoma hapa, na najua mko, kisa changu cha baiskeli bado kipo. Nimekiongeza sura mbili na kumpa soja shemeji. Mwizi anapatikana kwa haki, dalili zote ziko kabla ya ukurasa wa thelathini. Hajaomba msamaha, na hana mpango huo.